Fedha za Serikali na Wakulima wa Poinsett

Kila msomaji wa gazeti hili amjua Yusufu mwana wa Yakobo, jinsi alivyoweka akiba ya nafaka katika miaka saba ya shibe, ili watu wa Misri wasife katika miaka saba ya njaa. Leo nataka kueleza habari za Serikali iliyofanya kinyume cha Yusufu: iliwalipa wakulima fedha ili wasilime, na mazao yaliyokwisha kuota ikawalipa wayafukie chini. Msomaji asicheke upesi. Serikali hiyo ilikuwa na sababu zake, nazo zilikuwa sababu za watu wenye akili na nia njema. Lakini fedha zile zilipofika mashambani ziliwatajirisha wengine, na wengine ziliwatoa katika nyumba zao. Mambo hayo yalitokea Marekani kuanzia mwaka 1933, nami nitayatazama hasa katika wilaya moja ya mashamba, wilaya ya Poinsett katika jimbo la Arkansas.

Wilaya hiyo iko upande wa kaskazini mashariki wa Arkansas, si mbali sana na mto mkubwa wa Mississippi. Sehemu yake kubwa ni nchi tambarare yenye udongo mzito uliowekwa na mito. Zamani ilikuwa msitu na kinamasi. Miti ilipokatwa, na maji yalipoondolewa kwa mifereji, pamba ilipandwa, ikastawi sana.

Walakini wengi walioilima pamba hiyo hawakuwa na ardhi. Mwenye shamba alimpa mtu kipande cha ardhi, nyumba ya mbao, nyumbu wa kukokota plau, na mbegu. Mtu yule, pamoja na mkewe na watoto wake, alitoa kazi ya mikono. Pamba ilipokwisha kuvunwa, nusu ilikuwa ya mwenye shamba na nusu ya mkulima. Kwa hiyo nitawaita watu hao wakulima wa nusu. Tangu kupanda hata kuvuna mkulima wa nusu hakushika fedha. Alichukua unga, mafuta, nyama na nguo kwa deni katika duka la mwenye shamba, na juu ya deni iliwekwa riba. Kitabu cha deni kilikaa kwa mwenye shamba, naye ndiye aliyefanya hesabu mwisho wa mwaka. Mara nyingi nusu ya mkulima ilimezwa yote na deni, akaanza mwaka mpya mikono mitupu kama alivyoanza ule wa kwanza.

Wala msomaji asidhani ya kuwa hao walikuwa watu weusi peke yao. Hesabu iliyofanywa mwaka 1930 ilionyesha ya kuwa katika majimbo ya kusini ya Marekani walikuwako wakulima kadiri ya milioni 1.8 waliolima ardhi isiyokuwa yao, na zaidi ya nusu yao walikuwa Wazungu. Umaskini wao ulikuwa mmoja, bali waliishi mbalimbali, wakasali mbalimbali, na kila upande ulifundishwa kuuogopa upande wa pili.

Sasa tuangalie sababu ya Serikali kuingia katika jambo hili. Mwaka 1929 ratili moja ya pamba ilipata senti 17 hivi za Marekani. Kisha dunia nzima ikashikwa na dhiki ya biashara, na mwaka 1931 ratili ile ile ilipata senti 6 tu, au pungufu. Pamba ya Uganda na ya Usukuma iliuzwa katika dunia iyo hiyo, na mkulima wa kwetu naye aliiona dhiki ile katika mizani. Mwaka 1932 maghala yalikuwa na marobota kadiri ya milioni 13 ya pamba ya Marekani yasiyo na mnunuzi, yaani karibu sawa na mavuno ya nchi ile ya mwaka mzima. Tena wakulima walizidi kulima, kwa maana kila mtu aliona ya kuwa bei ikiwa ndogo yampasa auze nyingi zaidi apate kulipa deni lake. Na kadiri walivyolima ndivyo bei ilivyozidi kushuka.

Ndipo Rais Franklin Roosevelt alipotia sahihi sheria mpya ya kilimo, tarehe 12 Mei 1933. Maana yake ilikuwa hii: mkulima atakayekubali kupunguza eneo la shamba lake atalipwa na Serikali, mazao yatakuwa machache, bei itapanda, naye atapata faida mara mbili. Fedha za kulipa zilitoka katika kodi waliyotozwa wenye viwanda, wale waliosokota pamba, waliosaga ngano na waliochinja nguruwe.

Lakini sheria ilikuja pamba ikiwa imekwisha kupandwa. Basi Serikali ikawaomba wakulima walime upya juu ya pamba changa na kuifukia. Katika miezi ya Julai na Agosti mwaka ule eka zaidi ya milioni 10 zilifukiwa namna hii, na wakulima wakalipwa dola zaidi ya milioni 100. Husimuliwa ya kuwa nyumbu wengi walikataa kazi ile, kwa kuwa tangu walipofundishwa walikuwa wakipigwa wakikanyaga mche wa pamba, na sasa walilazimishwa kuukanyaga. Nguruwe nao wakachinjwa kadiri ya milioni 6, wengi wao wachanga, ili bei ya nyama ipande. Watu wengi walihuzunika, maana katika nchi iyo hiyo walikuwako wenye njaa na wenye kuvaa matambara.

Hata hivyo yatupasa kusema kweli yote. Bei ya pamba ilipanda. Mavuno ya 1933 yaliuzwa kwa senti 10 hivi kwa ratili, na ya 1934 kwa senti 12 na zaidi. Mtu aliyekuwa na shamba lake mwenyewe aliponea katika sheria ile, na benki na wenye maduka wa miji midogo wakaanza kupumua. Kama habari ingaliishia hapa, tungaliweza kuisifu tu.

Basi na tuulize: fedha zililipwa katika mkono wa nani? Mkataba wa Serikali ulifanywa na mwenye shamba. Hundi iliandikwa jina la mwenye shamba, naye ndiye aliyepaswa kumgawia mkulima wa nusu sehemu yake. Wengine waligawa kwa haki. Wengine walifungua kitabu cha deni, wakamwonyesha mkulima ya kuwa sehemu yake imekwisha kuliwa dukani tangu zamani, na mkulima hakuwa na kitabu kingine cha kuonyesha.

Mkataba wa mwaka 1934 na 1935 ulizidi kudhuru, maana uliandika ugawaji wenyewe katika maneno yake. Kwa kila ratili ya pamba ambayo haikulimwa Serikali ililipa senti 3 na nusu kuwa kodi ya ardhi iliyopumzishwa, na hizo zote zilikuwa za mwenye shamba. Juu yake iliongeza senti 1, ambayo mwenye shamba na mkulima wa nusu waligawana sawasawa. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya. Tuseme ni ratili 200. Malipo yake ni dola 9. Mwenye shamba atapata dola 8, na mkulima wa nusu dola 1. Walakini kama pamba ile ingalilimwa na kuuzwa kwa senti 10, ingalileta dola 20, na mkulima angalipata dola 10 kabla ya kulipa deni lake. Basi kipande kile kilipopumzishwa, alipoteza dola 10 akapewa moja.

Tena lilikuwako jaribu kubwa zaidi. Mwenye shamba akimwondoa mkulima wa nusu, na kumwajiri yule yule kwa kibarua cha siku, hana mtu wa kugawana naye tena. Dola zote 9 ni zake, na pamba yote ni yake. Nao watu walikuwa wengi kuliko kazi, maana sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa imepumzishwa. Wenye kuandika mkataba waliiona hatari hii, wakatia sharti la saba, kwamba mwenye shamba adumishe hesabu ya wakulima wake kama ilivyokuwa, na kuwaacha wakae katika nyumba zao. Lakini wakatia na maneno ya kwamba afanye hivyo kadiri iwezekanavyo. Maneno hayo machache yaliulegeza mkataba. Tena mkulima akiwa na malalamiko, alitakiwa kuyapeleka mbele ya kamati ya wilaya. Na kamati za wilaya zilikuwa mikononi mwa wenye mashamba wakubwa. Ndiyo kusema, kesi ya mbuzi ilipelekwa kwa chui.

Karibu na mji mdogo wa Tyronza, katika wilaya hii ya Poinsett, lilikuwako shamba kubwa la Hiram Norcross. Watu wa nyumba zaidi ya 20 waliambiwa waondoke humo. Mjini walikuwako Wazungu wawili rafiki, H. L. Mitchell, aliyekuwa na kazi ya kufua na kupiga nguo pasi, na jirani yake Clay East, mwenye kituo cha kuuza petroli. Wote wawili waliwajua wakulima, kwa kuwa ndio waliokuwa wateja wao. Mapema mwaka 1934 walitembelewa na Norman Thomas, aliyekuwa zamani mchungaji wa kanisa la Presbyterian na ambaye aligombea urais mwaka 1928 na 1932. Aliyaona makao ya wakulima, akawashauri wafanye chama chao.

Basi usiku mmoja wa mwezi wa Julai 1934 watu 18 walikusanyika katika nyumba ya shule iliyoitwa Sunnyside, katika shamba lile la Norcross. Wazungu walikuwa 11, watu weusi 7. Swali la kwanza lilikuwa gumu kuliko yote: je, kiwe chama kimoja au viwili, kimoja cha weupe na kimoja cha weusi? Akasimama mzee mmoja mweusi, Isaac Shaw. Huyu aliwahi kuwa katika chama cha wakulima weusi kule Elaine, katika jimbo ilo hilo, ambako mwaka 1919 watu weusi wengi waliuawa kwa sababu walijaribu kudai haki ya pamba yao. Aliwaeleza wenzake ya kuwa chama kile kilivunjwa kwa sababu weusi walikuwa peke yao. Na kwamba wote hula chakula kilichotoka katika duka lile lile na kulima kwa ajili ya mtu yule yule, basi wakitengana hawatashinda. Walikubali. Kikawa chama kimoja, Chama cha Wakulima Wapangaji wa Kusini. Wazee wetu wasema kidole kimoja hakivunji chawa. Katika Arkansas ya siku zile kulitamka neno hilo mbele ya watu kuliweza kumtia mtu gerezani.

Wengi wa viongozi wa chama walikuwa wahubiri wa vijijini, kwa maana ndio waliojua kusoma na kuzoea kusema mbele ya watu. E. B. McKinney, mhubiri mweusi, alikuwa makamu wa rais wa chama. Mikutano ilifunguliwa kwa maombi, na nyimbo zao walizitoa katika tuni za kanisani. Mhubiri mwingine mweusi, C. H. Smith, alikamatwa na kupigwa katika wilaya ya jirani kwa sababu ya kuwaandikisha watu. Siku ya kesi yake wakulima Wazungu wa chama walikuja mahakamani pamoja na wakili Mzungu, C. T. Carpenter, wakakaa kimya wakiangalia. Smith akafunguliwa. Watu weusi wa nchi ile hawakuwa wamezoea kuona jambo la namna hiyo, nao wengi walijiandikisha siku zile.

Chama kilikwenda mahakamani kutetea wale waliofukuzwa katika shamba la Norcross. Mahakama za Arkansas zikawakatalia, zikisema ya kuwa mkataba ulikuwa baina ya Serikali na mwenye shamba. Mkulima wa nusu hakuwamo katika mkataba, basi hawezi kudai kitu kwa mkataba huo. Hukumu hii ilikuwa kweli kwa maandishi, na hilo ndilo lililokuwa baya. Mtu ambaye kwa ajili yake sharti la saba liliandikwa hakuwa na ruhusa ya kulitaja.

Mwezi wa Januari 1935 wajumbe wa chama, weusi na weupe katika motakaa moja, walisafiri mpaka Washington, wakamwona Waziri wa Kilimo, Henry Wallace. Aliwasikiliza, na wakili mwanamke, Mary Connor Myers, akatumwa Arkansas kuchungua. Habari alizoandika hazikutangazwa kwa watu. Wakati uo huo mawakili kadhaa wa idara ya kilimo walitoa maelezo kwamba sharti la saba lataka wakulima wale wale wabakizwe, si hesabu yao tu. Mwezi wa Februari wakubwa wa mawakili hao walitolewa kazini, maana wakuu waliogopa ya kuwa wenye mashamba na wajumbe wao katika Bunge wataivunja sheria nzima. Basi mabaya yakazidi. Mwezi wa Machi 1935 nyumba ya mhubiri wa chama, A. B. Brookins, ilipigwa risasi usiku katika mji wa Marked Tree, na nyumba ya wakili Carpenter nayo ikapigwa. Norman Thomas alipokuja kuhutubia Birdsong alishushwa jukwaani kwa nguvu.

Walakini chama hakikufa. Wakati wa kuchuma pamba mwaka 1935 wanachama waligoma, wakakaa majumbani, na mashamba mengi yakaongeza mshahara wa kuchuma. Na habari zao zikasomwa katika nchi nzima. Tarehe 6 Januari 1936 Mahakama kuu kupita zote ya Marekani iliitangua sheria ya 1933 kwa sababu ya kodi yake, nayo Serikali ikafanya sheria nyingine. Sheria ya mwaka 1938 iliagiza ya kuwa malipo yagawanywe kama mavuno yanavyogawanywa, na kwamba mwenye shamba asiongezewe malipo kwa kupunguza wakulima wake. Haya ndiyo waliyoyalilia watu wa Sunnyside.

Lakini sheria njema ilikuta nyumba nyingi zimekwisha kuwa tupu. Wenye mashamba walikuwa wamenunua matrekta, wengine kwa fedha zile zile za Serikali, na trekta moja lilichukua mahali pa nyumbu wengi na watu wao. Mwezi wa Januari 1939, katika jimbo la Missouri lililopakana na Arkansas, watu zaidi ya 1,000 waliotolewa mashambani walikwenda kukaa kando ya barabara kuu katika baridi, pamoja na watoto na vyombo vyao, ili kila apitaye awaone. Kiongozi wao alikuwa mhubiri mweusi, Owen Whitfield. Mwaka 1930 wakulima wa nusu katika majimbo ya kusini walikuwa kadiri ya 776,000. Mwaka 1940 walibaki kadiri ya 541,000. Wengi waliosalia walikwenda kutafuta kazi mijini.

Fedha za Serikali kwa wakulima zimeendelea kulipwa Marekani tangu siku zile, na kamati za wilaya nazo zikaendelea. Mwaka 1920 wakulima weusi wa Marekani, wenye ardhi na wasio na ardhi, walikuwa kadiri ya 925,000. Mwaka 1992 hawakufika 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Lakini wakulima weusi waliishtaki Wizara ya Kilimo ya kwamba mikopo na misaada ilicheleweshwa au kukataliwa kwa sababu ya rangi yao, na mwaka 1999 mahakama ilithibitisha mapatano ya kuwalipa. Mwaka 2010 yakafanywa mapatano ya pili, ya dola bilioni 1.25. Wazee wengi walikuwa wamekufa kabla ya kulipwa.

Huko Tyronza, nyumba zile ambamo Mitchell alifua nguo na East aliuza petroli zimefanywa makumbusho tangu mwaka 2006. Nyumbu hakuna tena, na mashamba hulimwa na watu wachache kwa mashine kubwa.

Sisemi ya kuwa Serikali isiwasaidie wakulima. Hata Torati ilimwagiza mwenye shamba asivune mpaka pembeni, amwachie maskini na mgeni. Lakini Torati ilimpa maskini ruhusa ya kuingia shambani kwa miguu yake mwenyewe na kuokota kwa mikono yake. Ruthu aliokota mwenyewe. Mkulima wa Poinsett alipewa sehemu yake kwa mkono wa yule aliyepata faida akiizuia. Basi msaada wowote ukija kijijini, uwe wa Serikali, au wa chama, au wa kanisa, yafaa tuulize mambo matatu kabla ya kupiga makofi: jina la nani limeandikwa katika karatasi, fedha zalipwa katika mkono wa nani, na mwenye kudhulumiwa atakwenda kulalamika mbele ya nani. Watu 18 wa Sunnyside walikuwa maskini, na wengi wao hawakusoma sana, lakini waliyajua maswali hayo, wakayauliza pamoja.